Nganda (baa) ya Bel-Air, Lubumbashi: michopo mizuri sana, lakini watoto wanapewa bia bila swali

Nianze na michopo, maana ndiyo iliyotupeleka kule. Mbuzi wao anachomwa taratibu juu ya makaa, mafuta yanayeyuka bila nyama kukauka, na pilipili wanaiweka pembeni ili kila mtu ajipimie. Kitunguu kilikuwa kimekatwa saa ileile. Bukari, yaani ugali, ilifika ya moto, laini, haina madonge. Meza yetu ilikuwa na watu saba na tulishiba. Umeme ulipokatika, jenereta iliwaka kabla hatujamaliza kulalamika. Choo kilikuwa safi saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku sikutamani kurudi humo.

Jina la nganda silitaji. Iko Bel-Air, na wanaokwenda huko wataitambua.

Siku hiyo majibu ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalikuwa yametoka. Mpwa wangu alipata diploma, tukammwagia poda kichwani mpaka nyusi zikawa nyeupe, kama tunavyofanya Lubumbashi nzima. Akaomba rafiki zake watano waje washerehekee naye. Sisi wakubwa tukakaa meza yetu, wao wakakaa ya jirani. Wa kwao mkubwa alikuwa na miaka 18, wengine 17, mmoja 16. Niliwaagizia sukre, yaani soda, nikalipa kabisa, nikageukia sahani yangu. Hapo ndipo nilipokosea, na nimeshamwambia hivyo dada yangu.

Mhudumu alikuwa binti mchangamfu, mwenye heshima, anayekumbuka kila meza imeagiza nini. Bado saa moja haijaisha, chupa kubwa sita za bia zilikuwa mbele ya watoto. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, hapa atuulizake miaka. Ule eko na makuta, anakunywa. Na bale banapata diploma, beko bakubwa."

Jibu hilo, kwamba mwenye pesa anakunywa bila kuulizwa umri, linanikaa moyoni hadi leo, kwa sababu ni la mji mzima. Diploma haimfanyi mtu kuwa mkubwa. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Lakini mtoto wa hapa kwetu ameonjeshwa povu la bia na baba yake akiwa bado anatambaa. Akiwa na miaka saba tunamtuma na chupa tupu akaleta iliyojaa. Akifika nganda na pesa yake mwenyewe, nani atamuuliza?

Ninafanya kazi ya uuguzi, zamu za usiku, miaka kumi na moja sasa. Ninachoogopa zaidi ni zile turne, yaani zamu za kununulia meza nzima. Vijana wakiwa sita, kila mmoja lazima aweke turne yake, la sivyo ataitwa bahili. Kwa hiyo kila mmoja atakunywa sita, hata yule aliyetosheka na ya kwanza. Na anayekunywa polepole anasukumwa, kwa sababu anawachelewesha wenzake. Chupa kubwa ya sentilita 72, yenye nguvu ya asilimia 5, ina karibu gramu 28 za alkoholi tupu. Shirika la Afya Duniani linahesabu unywaji wa kupita kiasi kuanzia gramu 60 katika kikao kimoja. Chupa mbili zinakaribia kufika hapo, ya tatu inavuka mbali. Ini, kwa wastani, linaondoa gramu saba hadi kumi tu kwa saa. Aliyemaliza chupa tatu saa mbili usiku anaweza kuwa bado na pombe damuni alfajiri, hata akioga, hata akinywa kahawa kali.

Tena haikuwa bia peke yake. Chini ya meza kulikuwa na chupa ya maji iliyojaa lutuku, pombe kali ya kienyeji, wanaichanganya kwenye sukre niliyowanunulia mimi. Lutuku ya mahindi hupikwa nyumbani, hakuna aliyepima nguvu yake, na ikipikwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, ambayo huua macho kabla ya kuua mtu. Nani aliiingiza? Mmoja wao alisema inauzwa pale nje, hatua ishirini kutoka mlangoni. Mlinzi aliyesimama mlangoni alikuwa akiangalia pikipiki.

Saa nne na nusu hivi, yule wa miaka 16 alilala mezani. Wenzake wakacheka, wakampiga picha. Wahudumu wawili wakambeba wakamlaza chali kwenye saruji, nje, upande wa nyuma, "apigwe na upepo". Wakammwagia ndoo ya maji. Mtu mwingine akaja na maziwa, anataka kumfungua mdomo kwa nguvu. Wote hao walitaka kumsaidia, nawaambia ukweli, na kila walichofanya kingeweza kumuua.

Kiangazi cha Lubumbashi hamkijui ninyi mliozoea Kinshasa. Mji wetu uko juu, mita 1,200 na zaidi, na usiku wa mwezi wa saba joto hushuka chini ya digrii 10. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu anahisi moto huku mwili unapoteza joto. Mtoto aliyelowa maji, juu ya saruji, kwenye baridi ile! Midomo ilikuwa imepauka. Nilihesabu pumzi zake kwa saa ya simu: nane kwa dakika, chache mno. Nikamwita kwa jina, nikamfinya sikio, hakufumbua macho.

Nilimgeuza ubavu, goti la juu nikalikunja mbele, kichwa nikakiinamisha kidogo nyuma, mdomo ukielekea chini. Dakika chache baadaye alitapika. Angekuwa bado chali, matapishi yale yangeingia mapafuni, kwa sababu mtu aliyelewa kiasi hicho hawezi kukohoa kuyatoa. Tukamvua shati, tukamfunika koti la shemeji yangu, tukakodi teksi. Kwenye kituo cha afya walikuta sukari ya damu imeshuka sana, jambo linalowapata vijana wadogo haraka kuliko watu wazima. Waliweka seramu, yaani dripu, wakakaa naye mpaka asubuhi. Mama yake alifika saa kumi na moja alfajiri na kitenge begani, hakusema neno, alikaa tu akimfuta poda kwenye nywele.

Nawaomba wenye nganda mshike hili: aliyezimika na haamki ukimfinya, msimwache "alale itoke". Pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia damuni hata baada ya mtu kuacha kunywa, kwa hiyo anaweza kuwa mbaya zaidi saa moja baadaye. Alale ubavu, afunikwe, mtu akae naye akihesabu pumzi, gari litafutwe. Msimpe kitu mdomoni.

Wiki moja baadaye nilirudi kuzungumza na mwenye nganda. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia akiwakataa vijana wataenda kwa jirani, na msimu wa majibu ndio unaomlipia kodi ya miezi miwili. Nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye. Nilimwomba mambo matatu: wahudumu waulize umri, meza ya vijana isipokee turne mpya kabla ya ile ya kwanza kwisha, na muuza lutuku aondolewe mlangoni. Alisema atafikiria.

Chakula nakipa nne juu ya tano. Usikivu wa mhudumu, nne. Usalama wa mtoto, sifuri, na kwangu sifuri hiyo inafuta zile nne zote. Ukienda na familia, nenda mchana, na kaa meza moja na vijana wako.

Mpwa wangu hajarudi kule. Mimi nanunua michopo kwa mama mmoja karibu na soko la Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi, nyama yake ni ngumu kidogo, anauza maji na sukre tu. Jumamosi iliyopita tulikwenda huko na yule wa miaka 16 pia. Alikula sahani nzima, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tantini (shangazi), usiku ule nilipumua mara ngapi?"