Mechi 15 za LSU, Msimu wa 2019: Tathmini ya Mtazamaji Aliyezilipia

Kwa wiki tano zilizopita nimetazama, moja baada ya nyingine, mechi zote 15 ambazo timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, maarufu kwa kifupi cha LSU, ilicheza kati ya tarehe 31 Agosti 2019 na tarehe 13 Januari 2020. Ninazitathmini kama mtu anavyotathmini kitu alichokilipia, kwa sababu nimezilipia kweli: ada ya huduma ya kutazama michezo kwa intaneti, bando la simu, na saa zisizopungua 50 ambazo ningeweza kuzitumia kwa usingizi. Timu ile ilishinda mechi zote 15 na kutwaa ubingwa wa taifa, lakini kushinda kila mechi hakutoshi kumweka mtazamaji macho. Kilichonifanya nimalize ni kuona timu yenye mazoea ya miaka mingi ikikubali kujifunza kucheza upya mbele ya macho ya watu.

Kwa msomaji asiyeuzoea mchezo huu, sheria moja inatosha kuanzia: timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, ikifaulu hupewa mengine manne, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Mpira ukifikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni, yenye pointi sita. Karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwa kwotabeki, ambaye katika sekunde mbili au tatu huamua kama atarusha pasi, atamkabidhi mwenzake mpira, au atakimbia nao mwenyewe.

Thamani ya msimu huu haionekani vizuri bila kujua LSU ilikuwa timu ya namna gani kabla yake. Walikuwa watu wa ulinzi mgumu na wa kukimbiza mpira katikati ya msongamano, yadi tatu hapa, yadi nne pale, na pasi ndefu kwao ilikuwa jambo la dharura. Novemba 2011 waliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Alabama 9-6 bila upande wowote kupata tachidauni hata moja, pointi zote zikitokana na mateke ya kupitisha mpira golini, na miezi miwili baadaye, katika fainali ya taifa iliyochezwa Superdome mjini New Orleans, Alabama hao hao waliwalaza 21-0. Tangu hapo LSU haikuifunga tena Alabama kwa miaka saba mfululizo, na mwaka 2018 ilikandikwa 29-0 katika uwanja wake yenyewe wa Baton Rouge.

Kwotabeki wa mwaka huo wa 2018 alikuwa Joe Burrow, kijana kutoka Ohio aliyehamia LSU baada ya kukosa nafasi ya kuanza mechi katika timu ya Ohio State. Alirusha pasi 16 za tachidauni msimu mzima, idadi isiyomtangaza mtu kokote. Kisha kocha mkuu Ed Orgeron, mzaliwa wa Louisiana, akamwajiri Joe Brady, kocha kijana kutoka klabu ya New Orleans Saints, afanye kazi bega kwa bega na mratibu wa mashambulizi Steve Ensminger. Wapokeaji pasi wakatawanywa kwa upana wote wa uwanja, na kwotabeki akaachiwa kusoma ulinzi na kuamua. Mwaka mmoja baadaye Burrow yule yule alikuwa amerusha pasi 60 za tachidauni na kupata yadi 5,671, na pasi zake zilizowafikia wenzake zilikuwa zimepanda kutoka asilimia 57.8 hadi asilimia 76.3. Nimezirudia takwimu hizo mara nyingi, na bado naona ni vigumu kuamini kwamba zinamhusu mtu mmoja.

Namshauri mtazamaji mpya aanzie mechi ya pili, ile ya Texas mjini Austin tarehe 7 Septemba. Zikiwa zimesalia takriban dakika mbili na nusu, LSU waliongoza 37-31, wakiwa katika jaribio la tatu na kuhitaji yadi 17. LSU ya zamani ingekimbiza mpira kwa tahadhari ili saa izidi kuyoyoma, kisha ingeupiga mbali na kuwaachia walinzi kazi ya kuumaliza mchezo. Texas wakatuma watu wengi kumvamia Burrow. Akapiga hatua mbele katikati ya vurugu ile, akamwona Justin Jefferson, akarusha, na Jefferson akaondoka na mpira hadi mwisho wa uwanja, tachidauni ya yadi 61. Mechi iliisha 45-38. Nimelirudia shambulizi hilo zaidi ya mara kumi, na kinachonigusa zaidi ni uamuzi wa benchi la ufundi, ambalo lilikuwa na kila kisingizio cha kuogopa na halikuogopa.

Kuna pia mechi ambazo mtu anaweza kuziruka bila kujutia. Georgia Southern walifungwa 55-3, Northwestern State 65-14 na Utah State 42-6. Ni mechi za tofauti kubwa mno ya uwezo, na robo zake za mwisho huchezwa na wachezaji wa akiba. Kasoro halisi ya msimu iko kwingine. Ulinzi wa LSU, uliokuwa na vijana hodari kama Grant Delpit na Derek Stingley Jr., ulivuja kwa namna ya kumkera mtu anayeupenda mchezo uliopangika. Vanderbilt, timu dhaifu, waliondoka na pointi 38. Ole Miss walipata 37, tena zaidi kwa kukimbiza mpira, na kwotabeki wao John Rhys Plumlee alikimbia yadi 212 peke yake. LSU walishinda mechi hizo kwa 66 na 58, na ushangiliaji wa tachidauni ulifunika makosa ambayo kocha yeyote makini angeyalalia macho. Haki ya kusema pia ni kwamba ulinzi huo ulijirekebisha mwishoni: Texas A&M walipata pointi 7 tu, na Georgia, katika fainali ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki ambamo LSU hucheza, mjini Atlanta, 10.

Tarehe 26 Oktoba, dhidi ya Auburn, ndiyo mechi niliyoipenda kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa mechi pekee ya msimu ambayo LSU hawakufikisha pointi 36; walishinda 23-20, na kila yadi waliilipia. Anayetaka kujua kama timu ya mbwembwe ina moyo pia, aitazame hiyo. Mkimbiza mpira Clyde Edwards-Helaire, mtoto wa Baton Rouge, mfupi kuliko karibu kila mtu aliyekuwa akimkabili, alibeba mzigo wa siku ile kwa yadi 136.

Wiki mbili baadaye walikwenda Tuscaloosa kukutana na Alabama. Kwa saa za Afrika Mashariki mechi ilianza saa tano na nusu usiku, na sikumwonea wivu yeyote aliyekuwa amelala wakati huo. Kufikia mapumziko LSU waliongoza 33-13, na mtu aliyezima televisheni hapo alikosa sehemu bora, kwa kuwa Alabama walirudi hadi 33-27 na kila mmoja aliyekumbuka miaka iliyotangulia akaanza kuhisi kwamba historia inajirudia. Haikujirudia, kwa sababu kila Alabama walipokaribia, LSU walijibu kwa shambulizi refu, la subira, na mara nyingi lililoishia mikononi mwa Edwards-Helaire, aliyefunga tachidauni nne siku hiyo. Matokeo yalikuwa 46-41. Kama msimu huu ungekuwa na mechi moja tu ya kuhifadhiwa, ningeihifadhi hii, hata mbele ya fainali.

Nusu fainali ya taifa dhidi ya Oklahoma, tarehe 28 Desemba, sikuitazama kwa raha kamili. Burrow alirusha pasi saba za tachidauni kabla ya mapumziko, nne kati yake kwa Jefferson, na mechi ikaisha 63-28. Lakini asubuhi ya siku ile mke wa mwana wa kocha Ensminger alikuwa amefariki katika ajali ya ndege akielekea kwenye mechi hiyo hiyo. Ensminger alikaa katika chumba cha makocha kilicho juu ya uwanja na kuifanya kazi yake mpaka mwisho. Ukishalijua hilo, kila shambulizi lililofanikiwa siku ile huonekana kwa sura nyingine, na niliona si adabu kulishangilia kwa sauti.

Fainali ilichezwa Superdome, jengo lile lile la kipigo cha 21-0. Clemson walikuja wakiwa na ushindi wa mechi 29 mfululizo, na katika robo ya pili walishika mpini kwa 17-7. LSU wakajibu kwa pointi 21 bila kujibiwa kabla ya mapumziko, huku Ja'Marr Chase akimwacha mlinzi wake mara kwa mara. Alimaliza na yadi 221 na tachidauni mbili. Clemson walisogea hadi 28-25, kisha wakakauka, na LSU wakashinda 42-25. Jumla ya pointi za msimu ilifika 726, rekodi ya daraja la juu la vyuo.

Jambo moja lilinisumbua kila nilipoona viti vya Tiger Stadium, uwanja wa nyumbani wa LSU wa watu 102,321, vimejaa mpaka juu. Mwaka 2019 vijana hao hawakuruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Walipata ufadhili wa masomo, basi. Ruhusa hiyo ilikuja Julai 2021, wakati wengi wao walikuwa wameshaondoka: wachezaji 14 walichaguliwa na klabu za kulipwa Aprili 2020, Burrow akiwa wa kwanza kabisa. Siwezi kusifu ubora wa kazi bila kusema kwamba walioifanya hawakupewa sehemu yao ya fedha iliyoingia.

Kuhusu huduma yenyewe ya kutazama, picha ilikuwa safi, lakini matangazo yaliachwa ndani ya rekodi za zamani bila sababu inayoeleweka. Mchezo wenye dakika 60 za saa rasmi ulichukua karibu saa tatu na nusu, na kwa mtu anayehesabu bando hilo si jambo dogo. Asiye na muda wa mechi 15 aanze na Texas, kisha Auburn, kisha Alabama, kisha Clemson, kwa mpangilio huo na si mwingine, na akibakiwa na nafasi aongeze ile ya Texas A&M ya tarehe 30 Novemba, ambayo Burrow aliingia uwanjani kuaga mashabiki wa nyumbani akiwa amevaa jezi yenye jina lake limeandikwa kwa tahajia ya Kifaransa cha Louisiana, Burreaux.