Pauni kumi na moja zangu: uzoefu wangu na hisa za maghala Uingereza

Mwenye haraka asipoteze muda: nyota moja. Si kwa maghala, maghala hayana kosa. Ni kwa wakala anayenishikia hisa. Jina lake silitaji, kwa sababu nimeshaambiwa na wenzangu kazini kwamba kwa mawakala wao yametokea yaleyale, kwa hiyo ukimkwepa wangu huenda ukamwangukia ndugu yake.

Naishi magharibi ya London na kwa miaka sasa nafanya kazi ya zamu kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Mishiri ya Kenya na mawaridi ya Naivasha hushuka usiku, na alfajiri yako njiani kwenda madukani. Ukikaa ndani ya jengo kama lile muda mrefu, unaanza kujiuliza mwenye jengo ni nani. Kampuni inayoniajiri ni mpangaji tu. Mwenye jengo humuoni, hagombi na mtu, haji kugonga mlango mwisho wa mwezi, lakini pango linamfikia pale alipo. Nikataka na mimi niwe upande ule, hata kwa tofali moja.

Njia ipo. Tangu 2007 Uingereza ina sheria ya REIT: kampuni inamiliki majengo, hisa zake zinauzwa soko la hisa la London kama hisa nyingine, na faida ya pango haitozwi kodi ya makampuni mradi igawe angalau asilimia 90 ya faida hiyo kwa wanahisa. Yaani serikali haidai kodi yake kwa kampuni, inaidai kwa mwanahisa. Ugomvi wangu wote umetoka hapo.

Nilichagua SEGRO, moja ya REIT hizo, yenye maghala, na sababu yenyewe si ya kitaalamu. Napita kwenye mali zao kila siku kwa basi. Walianza mji wa Slough, magharibi ya London, mwaka 1920 kwa kununua karakana ya jeshi iliyojaa magari yaliyotumika Vita vya Kwanza. Wakayatengeneza, wakayauza, na yalipokwisha wakabaki na mabanda matupu, wakaanza kuyapangisha. Mars walifungua kiwanda chao cha chokoleti hapo mwaka 1932 na mpaka leo wapo. Siku hizi kwenye eneo lilelile yameota majengo yasiyo na madirisha, yamejaa kompyuta za watu wa intaneti. Biashara ya kupangisha mabanda kwa zaidi ya miaka mia. Hilo nililielewa bila kusomewa ripoti yoyote.

Bei ya hisa ni hadithi nyingine, nitaipitia upesi. Mwisho wa 2021 hisa moja ilikuwa imepita pauni 14, kila mtu akinunua vitu kwa simu na kila muuzaji akitafuta ghala. Mwaka uliofuata Amazon wakasema wamejijengea nafasi kupita mahitaji, Benki Kuu ya Uingereza ikawa inapandisha riba, na kufikia Oktoba bei ilikuwa imebaki karibu nusu. Riba yenyewe ilitoka asilimia 0.1 hadi 5.25 kufikia Agosti 2023. Mimi niliingia baada ya kuporomoka, kwa hiyo sina kilio hapo. Ushuru wa stempu wa asilimia 0.5 wakati wa kununua nao niliulipa bila kununa. Sheria ni sheria.

Mjomba wangu Mombasa, ambaye ana vyumba vya kupangisha Kisauni na anamjua kila mpangaji kwa jina la mama yake, alicheka sana nilipomweleza. "Sasa wewe mwenye nyumba gani huna hata ufunguo?" Kisha akauliza la maana zaidi: pango ni halali, lakini hao watu wamekopa benki? Nikamwambia wamekopa, kama theluthi ya thamani ya mali. Akanyamaza, akasema niulize mwenye elimu. Nimeuliza, majibu yametofautiana, na hilo ni la mimi na Mola wangu, si la kujadiliwa hapa.

Sasa tuje kwa wakala.

Hisa nimeziweka ndani ya ISA. Kwa walio nyumbani: ni akaunti ambayo mkazi wa hapa anaweza kuweka hadi pauni 20,000 kwa mwaka, na kinachozaliwa humo ndani hakitozwi kodi. Ndiyo maana yake yote. Lakini mgao unaotokana na pango la REIT, unaoitwa mgao wa mali, una tabia yake. Kampuni kwanza hukata asilimia 20 kwa ajili ya serikali, kisha ndiyo inakulipa. ISA na mifuko ya pensheni wamesamehewa makato hayo, wanatakiwa walipwe mgao mzima, ila lazima kuwe na fomu kwa msajili wa hisa inayosema hisa hizi ni za ISA. Na nani anaijaza? Si mimi. Kwenye daftari la wanahisa jina langu halipo, lipo la kampuni ya wakala inayotushikia sisi sote. Mimi hata nikimwandikia msajili barua kwa wino wa dhahabu hanijui. Fomu ni kazi ya wakala, na ndiyo kazi anayolipwa.

Mgao ukaingia. Nilitegemea pauni 57 na peni 40. Zilizoingia ni 45 na peni 92. Nikadhani nimekosea hesabu, nikarudia. Asilimia 20 kamili imekatwa: pauni 11 na peni 48.

Nilianza na kuchati kwenye programu yao, ambako kuna roboti mwenye jina la kike anayekushukuru kwa kila unachoandika. Nikaandika kuhusu makato ya mgao, akanitumia maelekezo ya kubadilisha neno la siri. Nikapiga simu. Wakanipigia muziki wa piano, uleule wa piano, kipande kifupi kinachojirudia, mpaka mke wangu akaniuliza kutoka jikoni kama kuna msiba.

Akapokea kijana mmoja. Sauti ya mtu aliyeshiba. Akaniita "rafiki yangu" kabla hajaniuliza jina, na alipoliuliza akalivunjavunja, akaona bora aendelee na rafiki. Nikamweleza taratibu, kwa adabu, hata nikamtajia fomu. Akasema kodi hukatwa na serikali, wao hawahusiki. Nikamwambia ndani ya ISA haikatwi. Akasema ISA inahusu mgao wa kawaida, huu ni mgao wa mali. Nikamwambia ndiyo, na huo wa mali ndio wenye fomu. Kimya kidogo. Nikasikia anaandika. Halafu akauliza, "Tunazungumzia kiasi gani hasa?"

Nikamwambia.

Akacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani. "Kwa hiyo tumeshikilia simu muda wote huu kwa pauni kumi na moja?" Kabla sijajibu akaongeza kwamba kila mtu hulipa kodi, ndivyo nchi hii inavyokwenda.

Nchi hii. Mimi kodi ya nchi hii inakatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi kabla hata sijauona. Nimebeba maboksi ya nchi hii sikukuu zao na zangu. Kijana amekaa kwenye kiti cha ofisi, ana kazi moja ya kujua fomu moja, haijui, na ananifundisha uraia! Na hizo pauni kumi na moja anazozichekea, wateja wake wangapi zimewatoka siku ileile bila wao kujua? Nani anafungua taarifa ya akaunti na kupiga hesabu ya asilimia kwa kalamu? Asilimia 20 ya kila mgao, mwaka baada ya mwaka, mpaka nizeeke. Nilikata simu mkono unatetemeka. Tangu siku hiyo hata ile rangi ya programu yao, niliyokuwa naiona nzuri, naiona ya hospitali.

Niwe mwadilifu. Nilipopiga tena siku nyingine alipokea mama mmoja wa makamo, mtulivu, akasikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nisubiri, safari hii bila piano, akarudi akasema: ni kweli, mgao huu ulitakiwa uingie mzima, nitaupeleka kwa wahusika. Hakunung'unika, hakuuliza ni kiasi gani. Siku ile nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, hata nne, na nilimwambia mke wangu kwamba tatizo ni la kijana mmoja tu, kila ofisi ina wake.

Baada ya wiki kadhaa zikaingia pauni 11 na peni 48. Nikafurahi mpaka nikasoma maelezo yake: "malipo ya hisani". Hisani! Yaani si kwamba walikosea, si kwamba fomu haikujazwa, bali wamenihurumia. Ni mtu kuchinja kuku wako kisha akuletee bakuli la supu na kukwambia karibu sana, jisikie nyumbani. Nikasema basi, pesa ni pesa, nimeze hasira. Ulipokuja mgao uliofuata: asilimia 20 imekatwa tena. Hawakugusa chochote. Walininyamazisha mimi, tatizo wakaliacha limelala palepale.

Kwa hiyo zile nyota tatu nimezirudisha mfukoni.

Hisa zenyewe siuzi. Wanaoniuliza kama hii ni biashara nzuri nawaambia inategemea kama unaweza kuvumilia kuona bei ikishuka kwa sababu ya kikao cha benki kuu ambacho hukualikwa. Pango linaendelea kukusanywa, mgao umekuwa ukipanda, na mimi sina mpangaji wa kugombana naye juu ya choo. Na kwa walio Nairobi wanaofikiri jambo hili ni la Ulaya pekee: kwenu REIT ya kwanza, Fahari, iliingia soko la hisa 2015 na ikaondoka kwenye soko kuu 2024, kwa hiyo mchezo huu mnao, na wengine mna makovu yake. Kabla ya kuingia, hapa au huko, muulize wakala kodi ya mgao anaishughulikia vipi.

Muulize kwa maandishi, na swali liwe moja: mgao wa mali wa REIT unaingia mzima kwenye ISA yangu, ndiyo au hapana? Akianza kukueleza historia ya kodi, ondoka. Nimewaandikia mawakala wengine swali hilohilo. Mmoja alijibu siku ileile, mstari mmoja: ndiyo, mzima, fomu ipo kwa msajili. Nimeshaanza kuhamishia akaunti kwake, hisa zikiwa hisa bila kuuzwa. Wakala wangu wa sasa ameniandikia kwamba ombi langu "linashughulikiwa" na kuniuliza kama ningependa kushiriki utafiti mfupi kuhusu ubora wa huduma zao. Utafiti nimeujaza. Walinipa nafasi ya herufi mia mbili, nimezitumia zote.