TAHADHARI: Kuna muuzaji wa glezi za raku anawauzia watu mrututu

Wafinyanzi wenzangu, hasa mnaochoma raku (vyombo vinavyotolewa tanurini vikiwa bado vyekundu kwa moto), someni hii kabla hamjatuma pesa kwa mtu. Kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza "vifurushi kamili vya raku": glezi (mpako unaogeuka kioo motoni) nyeupe ya nyufa, glezi ya shaba, na uji wa udongo wa rangi mbalimbali. Jina la ukurasa wake silitaji, maana keshalibadilisha na akibanwa atalibadilisha tena. Mzijue bidhaa zake.

Tuanze na kopo lililoandikwa "kaboneti ya shaba", unga wa kuitia glezi rangi. Ndani yake ni mrututu uliosagwa, yaani salfeti ya shaba. Nilikoroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, unga wote ukayeyuka, maji yakabaki ya buluu maangavu, bila mashapo hata chembe. Kaboneti ya shaba haina tabia hiyo. Ni unga wa kijani kilichofifia usioyeyuka kwenye maji: ukiukoroga unayachafua, ukiuacha unatuama chini. Umwagie siki na utaona mapovu. Mrututu ukiumwagia siki hautoi povu lolote.

Msidhani ni tofauti ya jina tu. Mrututu ulioyeyuka kwenye ndoo ya glezi unanyweka pamoja na maji ndani ya chombo kilichochomwa mara ya kwanza, halafu chombo kikikauka unarudi juu na kujikusanya kwenye mdomo na kingo. Rangi inatoka na mabaka, na hapo utalaumu moto wako bure. Kibaya zaidi, unawasha ngozi na kudhuru macho, na ukishapata joto la nyuzi 600 na kitu unaanza kuachia gesi za salfa zinazokaba koo. Raku si uchomaji wa kuwasha tanuri na kwenda kulala. Unafungua tanuri likiwa jekundu, karibu nyuzi 1000, unainama na koleo, unatoa chombo na kukifukia kwenye vumbi la mbao. Gesi hiyo utaivuta wewe.

Kopo la "oksidi ya bati", unga wa kuifanya glezi iwe nyeupe, nalo ni hadithi. Bati ni ghali, ndiyo maana linachakachuliwa. Oksidi halisi ni nzito kiasi kwamba ukishika kopo dogo mkono wenyewe unashtuka. Hili la kwake ni jepesi kama unga wa chaki, na chaki ndiyo iliyomo. Siki ileile itakuambia, ila hapa jibu ni kinyume: oksidi ya bati haitoi povu, chaki inatoa.

Rangi za uji wa udongo zilinichekesha kidogo, nikiri. Waridi na zambarau zinavutia sana zikiwa mbichi. Chukua chembe ya unga mkavu, weka kwenye kijiko cha chuma, kishike juu ya moto, nje, kwa koleo. Rangi ya kauri haijali moto wa namna hiyo. Hizi za kwake zinageuka nyeusi, zinatoa moshi, kinabaki kijivu cha udongo mtupu. Ni rangi za nguo! Chombo kitatoka tanurini cheupe kana kwamba hukupaka kitu.

Anadai pia ana Gerstley borate, madini yenye boroni yanayoisaidia glezi kuyeyuka, "mpya, moja kwa moja kutoka mgodini". Mgodi huo wa California ulishafungwa zamani, na kilichokuwa kikiuzwa kwa miaka mingi baadaye ni akiba. Wafinyanzi wengi wamehamia kwenye friti (kioo kilichosagwa kuwa unga) zenye boroni. Anachouza yeye, nionavyo, kina boraksi ya kawaida: acha ndoo usiku kucha kwenye baridi, asubuhi utakuta fuwele ngumu zimeshika chini.

Ukimwomba orodha ya viambato anajibu "siri ya kazi". Siri gani? Glezi ya msingi ya raku inajulikana na kila mtu: sehemu 80 za Gerstley borate, au friti inayochukua nafasi yake, na 20 za nepheline syenite, ambayo ni unga wa mwamba, kisha unaongeza rangi yako. Asiyetaja viambato usinunue kwake, kwani glezi za moto mdogo ziliwahi kutengenezwa kwa risasi, na risasi huwezi kuijua kwa kuitazama. Hataki kuuza sampuli ya gramu 50, anataka pesa yote kwanza, na ukilalamika anakufungia. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lebo yake inasema "salama kwa chakula". Huu ndio uongo ulioniudhi kuliko wote. Chombo cha raku kinabaki na vitundu, glezi yake ina nyufa, na shaba inaweza kuchujuka ikikutana na kitu kichachu. Ni pambo, si sahani, hata kama glezi umeinunua kwa muuzaji mwaminifu.

Nimtendee haki kwa jambo moja. Wapo wanaomlaumu kwamba ule mng'ao wa shaba wenye rangi za upinde wa mvua umefifia baada ya muda. Hilo si utapeli. Shaba hukutana na hewa na kubadilika polepole, kwa glezi ya mtu yeyote.

Uliyekwisha kununua, vaa glavu na barakoa unapopima, na vumbi usilipeperushe. Kopo la mrututu liandike jina lake halisi, lifunge, liweke mbali na watoto. Usimwage kwenye mfereji wala mtoni, unaua samaki. Tunza risiti, jumbe na picha za lebo, upeleke malalamiko mapema kwa kampuni iliyopitisha malipo, maana nyingi huweka ukomo wa muda wa kudai.