Uzamili au CISM, kwa aliye kazini Dodoma

Vijana wa TEHAMA huku Mtumba hawaachi kuniuliza: nisome uzamili wa usimamizi wa usalama wa mtandao, au nifanye CISM, cheti cha wasimamizi wa usalama wa taarifa kinachotolewa na ISACA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa TEHAMA?

CISM ni mtihani mmoja tu: maswali 150 ya kuchagua, saa 4, na ufaulu ni 450 katika kipimo cha 200 hadi 800. Unasoma usiku nyumbani, mtoto akishalala. Lakini kufaulu hakutoshi. Cheti chenyewe kinadai uzoefu wa miaka 5 katika kazi za usalama wa taarifa. Na ada ni ya dola, shilingi ikiyumba nawe unayumba nayo.

Uzamili ni mwendo mrefu. Unatoka kazini jioni, unakata mji mzima kwenda darasani, vumbi la mwezi wa nane bado liko kooni. Ila kule unajifunza kitu ambacho maswali ya kuchagua hayakupi: kuandika. Tasnifu inakukalisha na tatizo moja, tuseme utekelezaji wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mpaka uweze kumweleza hata mhasibu. Niliwahi kuandika ripoti ya kurasa 12 kuhusu barua pepe za kitapeli, mkubwa akasoma aya ya kwanza, akauliza, "Sasa mnataka shilingi ngapi?"

Mwenye miaka 5 kazini aanze na CISM. Aliyemaliza chuo juzi, uzamili. Tena ISACA huuhesabu kama sehemu ya uzoefu huo.