Nilivyopata pa kumlaza mbwa wangu Dodoma

Mwezi Oktoba nililazimika kwenda Dar es Salaam kwa siku tano kumuuguza mama baada ya upasuaji, na tangu nihamie Ilazo kikazi sina ndugu mjini Dodoma ambaye ningemwachia Simba, mbwa wangu wa miaka mitatu. Kumfungia uani na sufuria la maji siku zote hizo ni ukatili nisioweza kuufanya. Kwa bahati nzuri tarehe ya upasuaji ilijulikana mapema, hivyo nilikuwa na wiki tatu za kutafuta kituo cha kumlaza.

Cha kwanza nilikifika saa nane mchana, kwa makusudi, jua likiwa kali. Mabanda yalikuwa ya mabati juu na ubavuni, na ndani hewa ilichoma uso. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza zaidi kwa kuhema, na anapohema hewa ya moto hapati nafuu. Nilipouliza nani hulala pale usiku, niliambiwa kuna mlinzi wa getini, lakini funguo za mabanda hana. Bei ilikuwa shilingi 10,000 kwa usiku, na walikuwa tayari kumpokea Simba siku ileile bila kuuliza lolote juu ya afya yake. Nilishukuru nikaondoka.

Cha pili, upande wa Iyumbu, kilinikatalia. Msimamizi aliomba kadi ya chanjo kabla ya kutaja bei, akaona kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa hai, lakini ya parvo na distempa, magonjwa hatari ya virusi kwa mbwa, ilikuwa imepitwa na muda. Aliniambia nimpeleke Simba kwa daktari wa mifugo kwanza, na hata akishachanjwa tusubiri wiki mbili, kwa kuwa kinga haijengeki siku ya sindano. Nakiri kwamba niliudhika. Baadaye, nikiwa njiani kurudi, nilielewa kwamba ukali ule ndio utakaomlinda Simba dhidi ya mbwa wa watu wengine: virusi vya parvo hukaa sakafuni na udongoni kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui, ndiyo maana sakafu ya pale, ambayo ni ya saruji, husafishwa kwa jiki iliyochanganywa na maji.

Tuliporudi na kadi iliyokamilika, aliniuliza maswali mengi kuliko nilivyomuuliza mimi: mbwa anakula nini, anaogopa nini, amewahi kuuma mtu. Alinitaka nilete dona na dagaa aliozoea Simba, kwa sababu kubadilishiwa chakula ghafla huwaharisha mbwa wengi, pamoja na shuka nililolilalia lisilofuliwa, apate harufu ya nyumbani. Nilisaini karatasi ya kuruhusu atibiwe nisipopatikana kwa simu. Mhudumu hulala katika chumba kinachotazamana na mabanda, na funguo anazo yeye. Kwa usiku mmoja nililipa shilingi 20,000, na kwa mlinganisho huo sioni kuwa ni ghali.

Kila jioni walinitumia picha. Siku ya kwanza waliniambia wazi kwamba Simba hakugusa chakula; kesho yake asubuhi alikula. Habari ile iliniumiza nikiwa wodini, ila ningeumia zaidi kama wangenificha.

Dosari moja ipo. Nilipomchukua nilikuta kupe nyuma ya sikio lake, jambo lisilofaa kupuuzwa kwani kupe wa mbwa huambukiza homa inayoshambulia damu. Nilipowaeleza hawakubishana nami. Walimtoa kupe huyo pale pale, na jioni ile wakanyunyiza dawa katika mabanda yote.

Desemba nitampeleka tena, ila nitamfikisha asubuhi badala ya jioni, ili apate mchana mzima wa kuizoea sehemu kabla ya giza kuingia.