TinEye darasani: nzuri kwa picha za zamani, ila ijue mipaka yake

Kwa mwalimu wa sekondari Mbeya anayefundisha kupima vyanzo vya habari, TinEye, tovuti inayotafuta picha ileile ilikowahi kuwekwa mtandaoni, inafaa. Ni ya bure, haidai akaunti, na inafunguka kwenye simu ya kawaida. Unapakia picha, kisha unapanga matokeo yaanze na ya zamani zaidi.

Chukua picha inayosambazwa WhatsApp kama ya maporomoko ya Mlima Kawetele ya Aprili 2024. Ikikutwa kwenye tovuti ya nje tangu 2015, ubishi umekwisha.

Tatizo ni ile tarehe. Inaonyesha siku TinEye ilipoikuta picha mtandaoni, si siku ilipopigwa. Mwanafunzi akiona 2019 ataandika "ilipigwa 2019". Msahihishe aandike "2019 au kabla". Kosa baya zaidi ni matokeo yakiwa sifuri: darasa hushangilia kwamba picha ni ya kweli. Wapi! Maana yake haimo kwenye hazina ya TinEye tu, na picha nyingi za makundi ya WhatsApp na Facebook hazimo. Hapo hamia Google Lens, zana ya Google ya kutafuta kwa picha, kisha kagua mabango, namba za magari na mimea.

Picha ya skrini ikatwe kwanza kingo na maandishi, la sivyo utafutaji hupotea njia. Mtandao ukisuasua, simu moja kwa wanafunzi watano inatosha.

Kwa madai ya maandishi haisaidii kitu. Nyota nne kati ya tano.