Hilux Vigo 3.0 iliyotumika, ya kuvuta boti Tanga: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kuhamisha boti za faiba hapa Tanga. Mwenye boti akitaka itolewe majini ikwanguliwe na kupakwa rangi, au ikitoka kwa fundi kwenda Kigombe, Pangani ama kaskazini huko Moa, mimi ndiye ninayevuta. Boti ya mita 7 pamoja na mashine yake, ikiwa juu ya trela la ekseli mbili, tuliipitisha kwenye mizani ya malori ikasoma karibu tani 1.8. Kwa mzigo huo nilitafuta pikapu iliyotumika, bajeti shilingi milioni 40, humo humo na pesa ya matengenezo ya mwanzo. Nikaishia kwenye Toyota Hilux Vigo ya mwaka 2012, injini 3.0 D-4D, gia za mkono, dabo kebini. Nimefanya nayo kazi kiangazi na masika, na sasa naweza kuisema.

Wakati natafuta, karibu kila aliyenishauri alianza na nguvu za injini. Kwa mtu wa kuvuta, mimi napanga hivi: kwanza chesisi, halafu breki, halafu rejeta na klachi, ndipo tuzungumze nguvu. Pikapu yoyote ya dizeli ya lita 2.5 kwenda juu itaitoa boti hiyo Raskazone na kuifikisha Pongwe. Swali ni kama itaweza kuisimamisha, na kama baada ya miaka miwili ya maji ya chumvi bado utakuwa na kitu cha kufungia trela.

Ford Ranger ya kuanzia 2011 niliitamani kweli. Ile ya 3.2 ina silinda 5 na msukumo wa Nm 470 (Nm ni kipimo cha nguvu ya injini ya kuzungusha), na kiwandani nyingi zimepewa uwezo wa kuvuta zaidi ya tani 3. Ila ina mambo mengi ya umeme, na mimi gari ikinizimikia Moa nataka fundi wa pale pale aweze kuishika. Nissan Navara ya umbo la D40 bei yake ilinivuta, lakini zile zilizotembea Uingereza zimejulikana kwa chesisi kuoza hadi kukatika, kwa sababu kule barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Isuzu D-Max yenye injini ya 4JJ1 ningeichukua bila kusita, inatumia cheni ya taimingi na ni ngumu. Niliyoiona tu ilikuwa imebeba mawe maisha yake yote na difu inalia. Hilux za zamani zenye injini ya 5L, isiyo na tabo, hazifi, lakini msukumo wake ni karibu Nm 200, na ukiwa na tani 1.8 nyuma kwenye kilima unapanga foleni ya magari hadi huruma. Vigo 3.0 ina Nm 343, na zinaanza kupatikana kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika. Hapo ndipo penye raha ya kuvuta, chini kabisa, kabla injini haijapiga kelele.

Dalali wa kwanza aliniambia yake imetoka Japani moja kwa moja. Lijue hili kabla hujaenda kuangalia: Vigo haikuuzwa Japani. Hilux iliondoka kwenye soko la kule mwaka 2004 na kurudi 2017, umbo jingine. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe karibu na tairi la mbele kulia. Ikianza na MR0 imetengenezwa Thailand, ikianza na AHT ni ya Afrika Kusini. Namba hiyo ilingane na kadi, na eneo lake lisiwe na alama za kuchomelewa. Yule dalali nilimshukuru nikaondoka, maana aliyekosea nchi ya gari sitamwamini kwenye kilomita.

Hii niliyonunua niliipeleka kwa fundi wangu wa Ngamiani tukaipandisha. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, anasikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Alikaa muda mrefu sehemu ile chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, matope hukusanyika pale, na kwenye vishikio vya springi. Mwenye gari alikuwa amepaka rangi nyeusi mpya chini kote. Fundi akaikwangua kwa bisibisi sehemu kadhaa, tukiwa tumeshaomba ruhusa. "Mjomba," akaniambia, "injini ikileta shida tutaifungua. Chesisi ikioza, gari huna." Chini ya rangi chuma kilikuwa safi. Pia tuliangalia matundu ya boliti za chuma cha kuvutia trela. Matundu yaliyovutika kuwa marefu yanakwambia gari imewahi kuvuta kitu kilichoizidi.

Injini hii ya Vigo 3.0, jina lake 1KD, ina ugonjwa wake unaojulikana. Vikalio vya shaba vya noza, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, vikichoka, moshi wa mwako unapenya kuingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili, na siku moja injini inakosa oili bila onyo la maana. Kwa hiyo nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, weka mkono kwenye boneti uhakikishe ni ya baridi. Iwashe usikilize. Kugonga kidogo kwa dizeli ni kawaida. Kugonga kwa nguvu kunakopungua ikipata moto ndiko kunakodai pesa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka uone kama moshi unasukuma. Uliza mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 150,000. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Mimi nilibadilisha mkanda, vikalio vya noza na oili zote kabla sijafunga trela hata mara moja, na sampu ilifunguliwa chujio lisafishwe.

Klachi nayo ina jaribio lake rahisi. Vuta hendibreki, kanyaga breki, ingiza gia ya nne, achia klachi taratibu. Injini ikizima papo hapo, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, jiandae.

Sasa breki, na hapa naomba tusikilizane. Trela lisilo na breki zake, kikomo cha pikapu hizi ni kilo 750 tu. Vigo 3.0 imeruhusiwa kuvuta kati ya kilo 2,250 na 2,500 kutegemea soko na mwaka, lakini hiyo ni kwa trela lenye breki zake lenyewe. Hapa pwani naona watu wanavuta boti za zaidi ya tani moja kwa trela lililochomelewa mtaani, halina breki hata moja, na wanakimbia nalo. Trela langu lina breki za kusukumwa: pikapu ikipunguza mwendo, trela linasogea mbele, fimbo iliyo shingoni inarudi nyuma na kuvuta waya za breki za tairi zake. Mfumo ni rahisi, unatengenezeka, na hauhitaji umeme. Angalizo lake ni wakati wa kurudi kinyumenyume kupanda mlima, breki zinaweza kujifunga zenyewe, kwa hiyo uwe na pini ya kuzuia ile fimbo. Ukishamaliza kurudi, itoe.

Uzito unaokaa kwenye mpira wa kuvutia, kile kichwa cha chuma cha duara kinachoshika trela, nao una hesabu. Mimi nashika asilimia 10 ya mzigo wote, yaani kama kilo 180. Boti mashine yake iko nyuma, tangi nalo mara nyingi liko nyuma, kwa hiyo shingo ya trela inakuwa nyepesi na ukifika kilomita 70 kwa saa mkia unaanza kucheza. Dawa ni kusogeza boti mbele kwenye trela mpaka uzito utimie. Springi za nyuma za hii gari zilikuwa zimelala kwa umri, nikaongeza jani moja kila upande na shokapu mpya.

Ufukweni ndiko Vigo iliponipendeza zaidi. Mimi hutoa boti maji yanapojaa, hasa bamvua, siku za maji makubwa, kwa sababu tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa inapita mita 3, na ukikosea saa unajikuta na mita nyingi za mchanga mlaini kati yako na boti. Napunguza upepo wa tairi hadi psi 18, naingiza L4 (tairi zote nne kwa gia nzito), gia ya pili, mguu mwepesi. Inapanda bila kuruka wala kuchimba.

Lakini maji ya chumvi yana adabu yake. Ukitoka Pangani na difu ya moto ukaizamisha moja kwa moja, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili au kipumulio. Oili inageuka kama chai ya maziwa, na beringi zinafuata. Fundi aliunganisha mpira kwenye kipumulio cha difu akaupandisha hadi juu, nyuma ya taa. Hata hivyo huwa nasubiri ipoe, napiga stori na wavuvi kwanza. Beringi za trela ni hivyo hivyo. Jioni, nikirudi, namwaga maji baridi chini kote, ndani ya ringi na kwenye trela. Siku ambayo nimechoka pia.

Barabarani, kwenda Muheza hadi Segera ni kazi nyepesi, gia ya nne inatosha karibu njia nzima. Nilipopeleka boti Bagamoyo niliipima vizuri kwenye vilima vya baada ya Mkata na miteremko ya Wami. Sindano ya joto haikupanda, lakini rejeta ilikuwa imesafishwa na kulanti ni mpya. Kwenye mteremko nilishuka gia ya tatu mapema, injini ikashika mzigo, breki nikagusa kidogo tu. Mafuta ni kama kilomita 7 kwa lita nikivuta, 10 au zaidi kidogo nikiwa mtupu. Spea nazipata mitaa ya Ngamiani bila kuagiza Dar, ila kuwa makini na noza za bei ya kutupa.

Kisichonifurahisha ni kona finyu za ufukweni, dabo kebini ni ndefu na ukiongeza trela inataka nafasi. Hata kiti cha nyuma mgongo umenyooka mno, vijana wangu wanalalamika tukipita Mkata.

Nililipa milioni 33, matengenezo ya mwanzo yakala karibu 5. Mauziano tuliandika kwa wakili, nikakagua madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari, kadi ikabadilishwa TRA. Trela nalo lina usajili na kadi yake, usilisahau.

Kwa boti, trela la maji au ng'ombe wachache, chini ya tani 2 na trela lenye breki, naipendekeza Vigo 3.0 ya gia za mkono kwa moyo mmoja. Mwenye boti ya mita 9 yenye mashine mbili atafute Land Cruiser ya 79, au Ranger kama ana fundi wa umeme karibu.